Chai ya Nyanya na Safari Yake Mpaka Kizingo



Ndugu msomaji, ukipita Mji wa Kale baada ya Taraweh, kuanzia Kibokoni mpaka Ndia Kuu, hukosi kumuona mzee ameketi barazani na kikombe mkononi. Kama si kahawa thungu basi ni tangawizi, na kama si tangawizi basi ni chai ya maziwa yenye iliki. Twanywa kila siku, lakini ni wangapi kati yetu tumejiuliza vitu hivi vimetoka wapi, na ni nani waliotufikishia?

Makala haya nayaandika kwa sababu ya swali moja la baba yangu. Mwaka jana mimi na ndugu zangu wawili tulianza kuuza chai hapa Kizingo, upande wa baharini, siku za Jumamosi na Jumapili. Baba alipopata habari akaniambia, "Mwanangu, nimekusomesha mpaka chuo kikuu ndiyo uje uuze chai?" Sikumjibu, kwani mzazi hajibiwi. Lakini swali lile lilinikaa kifuani, nikaona afadhali niitafute historia ya hii chai yenyewe. Niliyoyapata ndiyo haya.

KAHAWA NDIYO ILIYOTANGULIA

Tuanze na kahawa, kwani barazani kwetu ndiyo mkubwa. Asili ya mbuni ni Uhabeshi, lakini walioifanya kahawa iwe kinywaji cha watu ni Waislamu wa Yemen katika karne ya 15. Masufi wa huko waliinywa usiku ili wasisinzie katika dhikri. Yaani kinywaji hiki kilianza kama msaada wa kisimamo cha usiku, jambo ambalo sisi tulio katika mwezi huu twalielewa vizuri. Hata hivyo, hakikupokelewa vyema na kila mtu. Mwaka 1511 Khair Beg, aliyekuwa na mamlaka Makka, aliipiga kahawa marufuku. Haikuchukua muda mrefu, amri ile ikatenguliwa kutoka Cairo, na watu wakaendelea kunywa.

Hapa kwetu, waliolibeba sana lile dele la shaba na makaa yake ni Washihiri, yaani Waarabu wa Hadhramaut. Wengi walikuja na majahazi wakati wa kaskazi, mikono mitupu. Wakauza kahawa na maji mitaani, na kidogo kidogo wengine wakafungua maduka. Kulikuwa na waliowadharau, lakini mji ulinywa kahawa yao asubuhi na jioni.

VIUNGO NA MAJINA YAKE

Sasa tazama mkebe wa viungo jikoni kwenu. Pilipili manga asili yake ni Malabar, huko Bara Hindi. Kwa nini basi ikaitwa "manga"? Kwa sababu Manga ni jina la zamani la Uarabuni, hasa upande wa Oman, na wazee wetu waliita kitu kwa jina la waliokileta. Kungumanga hali kadhalika. Mdalasini jina lake latokana na Kiajemi, na maana yake ya asili ni mti wa China, ingawa mdalasini ulio bora ulitoka Ceylon, ambayo leo ni Sri Lanka. Karafuu nazo zilipandwa Unguja na Pemba katika karne ya 19, zikashamiri zama za Sayyid Said bin Sultan.

Kwa hivyo ukinusa mkebe mmoja tu wa nyanya yako, umenusa nchi nne au tano. Vyote vililetwa na watu waliokuwa wakitafuta riziki baharini.

CHAI YENYEWE

Chai ilianza China. Waingereza walipochoka kuinunua huko, wakaanza kuipanda Assam, na mwaka 1839 chai ya kwanza ya Assam ikauzwa mnadani London. Kwa miaka mingi Wahindi wenyewe waliilima tu, wanywaji wakawa ng'ambo. Mwanzoni mwa karne ya 20 ndipo makampuni yalipoanza kuwafundisha Wahindi kunywa chai, kwenye viwanda na vituo vya reli. Lakini wauzaji wadogo hawakufuata mafunzo yale. Walizidisha maziwa na sukari, wakatia tangawizi na iliki. Makampuni hayakufurahi, kwani viungo vikizidi, majani yanayotumika hupungua. Wateja ndio waliofurahi. Ndugu msomaji, lishike jambo hili: chai ya viungo haikubuniwa na kampuni kubwa. Imetengenezwa na watu wa birika na jiko la makaa.

Wahindi walikuwa Mombasa tangu zamani, na wakazidi sana ilipojengwa reli kati ya 1896 na 1901. Majirani hupelekeana vyakula, na ladha zikachanganyika. Ndiyo maana leo chai yetu yenda na mahamri na mbaazi za nazi, na hakuna anayeuliza hiki ni cha nani.

Upande wa bara, mche wa chai ulipandwa Limuru mwaka 1903. Mashamba makubwa ya makampuni ya Kiingereza yakafuata miaka ya 1920 huko Kericho na Limuru. Mmoja wa wakubwa wale ni Brooke Bond. Kampuni hiyo ilianza mwaka 1869 kwa duka moja la chai la Arthur Brooke mjini Manchester, na huyo Bond hakuwako kabisa. Brooke alilipenda tu jina lisikike hivyo! Mwafrika naye kwa miaka mingi hakuruhusiwa kujilimia chai ya kuuza. Mlango ulifunguliwa miaka ya 1950, baada ya mpango wa Swynnerton wa 1954, na mwaka 1964 ikaundwa KTDA ya wakulima wadogo.

MNADA ULIO JIRANI YETU

Vijana wengi wa Kizingo hupita barabara ya Nyerere bila ya kujua kwamba pale ndipo ilipo nyumba ya biashara ya chai. Mnada wa chai wa Afrika Mashariki ulianza Nairobi mwaka 1956, ukahamia Mombasa mwaka 1969. Chai ya Kenya, Uganda, Rwanda na nchi nyengine hushushwa kwenye maghala ya Shimanzi na kwengineko, huonjwa, kisha huuzwa kwa dola. Mnada wa London, uliokuwa mama wa minada yote, ulifungwa mwaka 1998. Wetu bado uko, na tangu 2020 mauzo yake hufanywa kwa kompyuta.

Na mnunuzi mkubwa ni nani? Kwa miaka mingi ni Pakistan, na Misri haiko mbali. Maana yake ni kwamba jioni hii, mtu anayefuturu Karachi huenda akanywa majani yaliyopita hatua chache kutoka nyumbani kwetu. Lakini sehemu kubwa ya chai yetu hutoka ikiwa kwenye magunia, na faida ya kuichanganya, kuifunga na kuipa jina yapatikana huko iendako. Kisha ladha hurudi kwetu kwa jina jipya. Siku hizi kijana yuko tayari kulipa pesa nyingi kwa kikombe cha "karak" kwa kuwa ni mtindo wa Dubai na Muscat. Karak ni neno la Kihindi, "kadak", maana yake kali. Ni chai ya majani mengi, maziwa na iliki. Wallahi, si nyingine ila ile ya nyanya!

NYANYA NA MKEBE WAKE

Nyanya yangu, mzaa baba, alifiwa na mumewe mwaka 1971, miaka miwili baada ya mnada kuhamia mjini. Alibaki na watoto watano na chumba kimoja Kibokoni. Hakuwa na cheti wala mtaji. Alikuwa na birika, jiko la makaa na kinu kidogo. Kila alfajiri aliuza chai na mahamri mlangoni kwake.

Alikuwa na sheria zake. Tangawizi huchemshwa na maji kwanza, kwani ikitiwa mbichi kwenye maziwa, maziwa hukatika. Iliki hutiwa mwisho, maana ikichemka sana harufu yake yote huenda na moshi. Na kikombe lazima kijae. Alikuwa akisema kumpunja mtu kikombe ni sawa na kumpunja mizani, na sote tuliopita madrasa twajua Qur'ani imesema nini juu ya wenye kupunja.

Kwa pesa hizo za vikombe watoto wote watano walisoma, na mmoja wao ni baba yangu.

Nilipoifikia sehemu hii ya historia, nililielewa swali lake. Shangazi alinieleza kwamba skuli wenzake walikuwa wakimcheka na kumwita "mwana wa muuza chai". Baba hakuwa akiidharau chai. Alikuwa akituogopea tusije tukaitwa jina lile.

KWETU KIZINGO

Biashara yetu ni ndogo. Tulianza na chupa mbili za lita tatu, tukapata vyeti vya afya na kibali cha kaunti, tukasimama karibu na Lighthouse, pale ambapo watu huja kupunga upepo na kula mihogo na madafu. Tangu mahali pale palipotengenezwa upya mwaka 2019, wageni wamezidi.

Wiki ya tatu tuliharibu. Mitihani ilikuwa karibu, hatukuwa na wakati wa kutwanga, tukanunua masala ya pakiti, ya rahisi kabisa. Mzee mmoja aliyekuwa mteja wa nyanya akanywa funda moja, akakirudisha kikombe. "Wanangu, hii mumeitoa wapi?" Hatukuwa na la kujibu. Jioni ile tulirudi nyumbani na chupa moja nzima. Tangu siku hiyo twatwanga wenyewe usiku, hata kama kesho kuna mtihani. Pesa za mauzo twaziandika daftarini, mbali na za matumizi yetu, na deni kwa rafiki hatutoi.

Faida bado haijawa kubwa. Yatosha nauli na vitabu, na kidogo cha kumwekea mama mkononi.

VIJANA WENZANGU

Wengi wetu twamaliza masomo kisha twaketi barazani mwaka wa kwanza, wa pili, tukingojea ofisi ituite. Sisemi elimu haina maana. Mimi mwenyewe nitamaliza shahada yangu, inshaAllah. Lakini tusione aibu kwa kazi ambayo ndiyo iliyotusomesha. Mtume wetu (s.a.w.) alifanya biashara kabla ya utume, na Bibi Khadija (r.a.) alikuwa mfanyabiashara. Mshihiri wa dele alijenga nyumba. Mjane wa Kibokoni alisomesha watano. Urithi sio tu nyumba na mashamba. Hata namna ya kutia iliki ni urithi, na usipoushika wewe, atakuja mwengine aufunge kwenye pakiti akuuzie.

Kwa hivyo kabla mwezi huu haujaisha, keti na nyanya yako au babu yako, mmoja wao akiwa hai, umuulize alikuwa akifanya kazi gani na alijifunza kwa nani. Andika. Wakiondoka hao, hakuna kitabu utakachokisoma ukayapata.

Ama baba, bado asema nimalize masomo kwanza. Lakini mwishoni mwa Shaaban aliingia stoo, akatoka na kinu cha mamake, akakiosha mwenyewe na kukiweka mezani. Hakusema kitu. Baada ya Taraweh huja pale baharini, hununua kikombe kama mteja mwengine yeyote, na hukitazama kwanza kama kimejaa.

Wabillahi tawfiq. Ramadhan Kareem.