Kifuko au Uvimbe? Historia ya Jina la Sindromu Moja

Miongoni mwa istilahi za tiba zinazowatatiza wafasiri wetu imo ile ya hali iwapatayo wanawake tangu ujanani: hedhi hupishana sana au hukatika, chunusi huzidi, na ndevu huota kwa sababu ya wingi wa homoni za androjeni. Shirika la Afya Duniani hukadiria kwamba huwapata wanawake 10 hadi 13 katika kila 100 walio katika umri wa kuzaa, na kwamba wengi wao hawajijui. Kwa Kiswahili mara nyingi huitwa "ugonjwa wa uvimbe kwenye ovari". Tunaona kuwa tafsiri hii ina kasoro, na historia ya jina lenyewe yaonyesha kasoro hiyo ilikoanzia.

Mwaka 1935, madaktari Irving Stein na Michael Leventhal wa Chicago walichapisha habari za wanawake 7 waliokuwa na ovari kubwa zenye vifuko vingi vya maji. Waliwapasua na kuondoa sehemu ya ovari. Hedhi zikarejea, na wawili wakapata mimba. Hapo kwanza hali hiyo iliitwa kwa majina ya madaktari hao. Baadaye likaenea jina litokanalo na kilichoonekana, yaani ovari yenye "kystis" nyingi. Neno hilo la Kiyunani maana yake ni kibofu au kifuko.

Ilikuja kufahamika kuwa vifuko hivyo ni folikuli, yaani vilezi vya kawaida vya mayai, zilizosita kukua. Mkutano wa Rotterdam wa mwaka 2003 uliamua kwamba, magonjwa mengine yakishaondolewa shakani, vigezo viwili kati ya vitatu vyatosha: mayai kutopevuka kwa utaratibu, wingi wa androjeni, na ovari zenye vifuko vingi. Basi mwanamke aweza kuwa na sindromu hii pasipo vifuko. Mwaka 2012 jopo lililoitishwa na Taasisi za Taifa za Afya za Marekani lilishauri jina libadilishwe, kwa kuwa lapotosha.

Katika lugha yetu upotofu huzidi. "Uvimbe" twautumia kwa jipu, kwa pigo na hata kwa saratani. Msichana aambiwapo ana uvimbe kwenye ovari huwaza kisu au kifo. Likiongezwa neno "tasa", ambalo ni tusi kuliko kuwa istilahi, huona haya na asirudi hospitalini. Ilhali wengi wenye hali hii huzaa, baadhi yao kwa msaada wa dawa.

Kwa hiyo twapendekeza "sindromu ya ovari zenye vifuko vingi", na kila itumikapo ifuatwe na maelezo kwamba ni mkusanyiko wa dalili zitokanazo na homoni. Badala ya "utasa" iandikwe "ugumu wa kupata mimba". Walimu na wauguzi, ambao ndio wanaoyatamka maneno haya mbele ya wasichana, tunawaomba watuletee maoni yao.