Tiketi ya Bure ya Kwenda Hawaii Ililipwa na Nani?

Wadau, leo tuziweke kando kidogo siasa za majukwaani, tuzungumzie maili za ndege. Kwa wale wasiofahamu, hizi ni pointi ambazo shirika la ndege linakuandikia kila unaposafiri nalo. Zikishajaa, unapewa tiketi ya kwenda kupumzika bila kutoa nauli. Kwa Wamarekani wengi ndoto hiyo imekuwa Hawaii. Kwa Mjerumani au Mholanzi inaweza kuwa Zanzibar. Ukiwasikiliza wanavyosimulia utadhani ni zawadi iliyodondoka kutoka mbinguni. Mimi kazi yangu imenizoesha kuuliza swali moja: nani kalipa? Ukilifuata swali hilo katika historia, unafika mahali panapotuhusu hata sisi tunaoiona Hawaii kwenye sinema tu.

Tuanze mwanzo. Tangu mwaka 1938 serikali ya Marekani ndiyo ilikuwa inasimamia nauli na njia za ndege za abiria kupitia bodi yake ya usafiri wa anga. Shirika halikuweza kuamka asubuhi likashusha bei au kuanzisha safari mpya bila ruhusa. Kwa kuwa bei haikuwa ya kushindania, mashirika yakashindana kwa chakula, vinywaji na tabasamu. Oktoba 1978 Rais Jimmy Carter akatia saini sheria ya kuondoa udhibiti huo. Milango ikafunguliwa, yakaingia mashirika madogo yenye nauli za chini, na wakubwa wakaanza kutoka jasho.

Shida ya wakubwa ilikuwa hii: kiti ni kiti. Anayetoka Chicago kwenda Dallas hajali sana ndege ina rangi gani, anaangalia bei na saa ya kuondoka. Utamfanyaje arudi kwako? Wenye maduka walikuwa na jibu la zamani. Tangu mwisho wa karne ya 19 Wamarekani walikuwa wanapewa stempu kila wanaponunua bidhaa, wanazibandika kwenye kitabu, kitabu kikijaa wanachukua zawadi. Ni akili ileile ya mama lishe anayemwongezea maharage mteja wa kila siku. Tofauti ni kwamba mama lishe anamjua mteja wake kwa sura. Shirika la ndege lingewajuaje watu wake?

Jibu lilikuwa kompyuta. American Airlines walikuwa na mtambo wa kuhifadhi nafasi za abiria ulioitwa Sabre. Wakapekua kumbukumbu zake kutafuta namba za simu zilizojirudiarudia, wakapata orodha ya wasafiri wao wakubwa. Tarehe 1 Mei 1981 wakazindua AAdvantage. United wakajibu ndani ya siku chache kwa Mileage Plus, na wengine wakafuata. Hawakuwa wa kwanza kabisa kuwaza jambo hilo, maana Texas International walikuwa wamejaribu mwaka 1979, lakini American ndio waliofanya dunia nzima iige.

Sasa hapa ndipo penye siri ya biashara yenyewe. Msafiri wa mara kwa mara mara nyingi hajilipii nauli. Anayelipa ni mwajiri wake, lakini anayepewa maili ni yeye. Chukua mfano wa ofisa anayetumwa kutoka New York kwenda Los Angeles na kurudi kila mwezi. Kwa mwaka anakusanya karibu maili 60,000. Desemba ikifika, anampandisha mke wake ndege ya kwenda Honolulu, kilomita karibu 8,000 kutoka nyumbani, na hajatoa hata senti ya nauli. Je, mtu huyu mwezi ujao atachagua ndege ya bei nafuu kwa faida ya kampuni yake? Thubutu! Atachagua ile inayomwongezea maili. Kwa lugha ya mtaani, shirika la ndege lilikuwa linamkatia mfanyakazi kitu kidogo kwa kutumia fedha za bosi wake, na kila mtu akaona ni sawa.

Mwaka 1987 mambo yakakua zaidi. American na benki ya Citibank wakatoa kadi ya mkopo inayokupa maili kila unapofanya manunuzi. Kuanzia hapo si lazima upande ndege. Ukinunua sabuni, unaisogelea Hawaii. Benki inanunua maili kutoka kwa shirika kwa fedha taslimu, kisha inampa mteja. Na fedha ya benki inatoka wapi? Sehemu inatoka kwenye riba ya wanaochelewa kulipa madeni, sehemu kwenye makato wanayotozwa wenye maduka, nao wenye maduka wanayaingiza kwenye bei. Kwa hiyo anayelipa fedha mkononi dukani naye anachangia likizo ya mwenye kadi, bila kujua.

Watu wajanja wakaingia kazini. Mwaka 1999 mhandisi mmoja wa California aligundua kwamba kampuni ya chakula inatoa maili kwa anayerudisha lebo za bidhaa zake. Akanunua vikombe 12,150 vya pudingi kwa dola 3,140 hivi, akapata zaidi ya maili milioni moja na robo. Pudingi nyingi aliwapa Salvation Army, nao wakamsaidia kubandua lebo. Miaka michache baadaye serikali ya Marekani ilikuwa inauza sarafu za dola moja kwa bei ileile ya dola moja, na usafirishaji ni bure. Watu wakazinunua kwa maelfu kwa kadi, wakazipeleka moja kwa moja benki kulipia deni la kadi, wakabaki na maili. Serikali ikashtuka, na mwaka 2011 ikasitisha kuziuza kwa kadi.

Lakini msimcheke mjanja tu, maana mjanja mkubwa ni mwenye kuchapisha. Maili ni fedha isiyo na Benki Kuu. Shirika linaitoa, linapanga thamani yake na linaweza kuishusha litakapo. Mwaka 1988 American walibadilisha masharti, wakaweka siku ambazo tiketi za maili hazitumiki na kupunguza viti vyake. Wateja waliokuwa wamekusanya kwa masharti ya zamani wakaenda mahakamani. Kesi ikafika Mahakama Kuu kabisa ya Marekani, ambayo mwaka 1995 iliamua kwamba wateja hawawezi kutumia sheria za majimbo za kumlinda mlaji, ila wanaweza kudai kwamba mkataba umevunjwa. Mwaka huohuo American wakapandisha tiketi ya kawaida ya ndani ya nchi kutoka maili 20,000 hadi 25,000. Baadaye, kati ya 2015 na 2016, Delta, United na American wakaanza kuhesabu fedha uliyolipa badala ya umbali uliosafiri. Jina likabaki maili, maili zenyewe zikaondoka.

Ukitaka kujua fedha hii imekuwa kubwa kiasi gani, angalia mwaka 2020. Corona ilipozilaza ndege chini, United waliweka mpango wao wa maili kuwa dhamana ya mkopo wa mabilioni ya dola. Wao wenyewe waliukadiria kuwa na thamani ya karibu dola bilioni 22, wakati hisa zote za kampuni sokoni zilikuwa na thamani ya karibu nusu ya hiyo. Pointi zikawa na thamani kuliko kampuni inayorusha ndege!

Nimeacha la muhimu kwa makusudi, maana ndilo nililotaka mfikirie. Mwajiri anayelipa nauli akiwa ni serikali, maili ni za nani? Marekani zamani walisema ni za serikali. Desemba 2001 wakabadilisha sheria, mtumishi akaruhusiwa kubaki nazo. Ujerumani walikuwa na msimamo mwingine: mbunge akipata maili kwa safari ya kikazi, azitumie kwa safari ya kikazi. Kiangazi cha 2002 gazeti la Bild likaanza kuanika wanasiasa waliozitumia kwa mambo yao binafsi. Gregor Gysi akajiuzulu uwaziri wa uchumi katika serikali ya jimbo la Berlin. Cem Özdemir, ambaye pia alikuwa anaandamwa na habari ya mkopo, akaachia nafasi zake. Fikiria, mtu anaachia ngazi kwa sababu ya pointi!

Hapa kwetu, Novemba 2015 Rais Magufuli alizuia safari za nje za watumishi wa umma zisizo na kibali, na mjadala wote ukawa wa nauli na posho. Hoja nzuri kabisa. Lakini Emirates wana Skywards na Ethiopian wana ShebaMiles, na kila kiti kinacholipiwa na mlipa kodi kinaweza kuzaa pointi kwenye akaunti yenye jina la mtu. Sisemi kuna aliyeiba. Nasema hiyo ni mali, inatokana na fedha ya umma, na mwenye mali ana haki ya kuuliza iko wapi.

Mwandishi mwenzangu, safari ijayo ukipewa orodha ya msafara wa kiongozi, usiishie kuhesabu vichwa na posho. Uliza na maili. Wadau, ninyi mnasemaje? Ziwe za mtumishi aliyechoka na safari, au zirudi zikamnunulie tiketi mtumishi mwingine?