Kutoka Redio hadi Kishikwambi: Historia ya Weledi na Maadili ya Kidijitali ya Mwalimu nchini Tanzania, 1974–2023

1.0 Utangulizi

Historia ya teknolojia katika shule za Tanzania imezoeleka kusimuliwa kama historia ya vifaa: redio, kompyuta, projekta, kishikwambi. Katika masimulizi hayo mwalimu hutokea mwishoni, akikabidhiwa kifaa na kuelekezwa namna ya kukiwasha. Makala haya yanaitazama historia hiyo kwa upande wa mwalimu mwenyewe. Hoja inayojengwa ni kwamba badiliko kubwa kuliko yote halikuwa ujio wa kompyuta. Badiliko hilo lilikuwa kugeuka kwa kifaa cha darasani: kutoka kifaa kinacholeta maarifa ndani ya darasa, kuwa kifaa kinachoweza pia kutoa taarifa za wanafunzi nje ya darasa. Mafunzo ya walimu yalikwenda sambamba na hatua ya kwanza, ilhali hatua ya pili yaliifuata kwa kuchelewa.

2.0 Redio na Mwalimu wa UPE, 1974–1984

Mwaka 1974 ulikuwa na maamuzi mawili yanayoonekana kupingana. Mjini Musoma, chama cha TANU kiliazimia kuharakisha elimu ya msingi kwa wote ili ifikiwe mwaka 1977. Mwaka huohuo, baada ya uzoefu usioridhisha wa kutumia kompyuta katika hesabu za serikali, uingizaji wa mashine hizo nchini ulipigwa marufuku. Hivyo taifa lilitaka kupanua elimu kwa kasi kubwa huku likiifungia mlango teknolojia mpya ya wakati huo.

Teknolojia iliyobaki mikononi mwa wizara ilikuwa redio. Kwa kuwa vyuo havikuweza kutoa walimu wa kutosha, mafunzo ya ualimu kwa masafa yalianzishwa mwaka 1976. Walimu tarajali walibaki vijijini, wakafundisha kwa sehemu ya siku, wakasoma masomo kwa njia ya posta, wakasikiliza vipindi vya redio na kukutana na wakufunzi. Kufikia mwaka 1984, zaidi ya 35,000 walikuwa wamehitimu.

Jina “mwalimu wa UPE” lilikuja kutumiwa kwa kebehi, na ubora wa mafunzo hayo umejadiliwa sana. Hata hivyo, kebehi hiyo imefunika jambo moja la msingi: katika mpango ule, redio haikuachwa peke yake. Palikuwa na maandishi ya kurejelea, darasa la kujaribia na mtu wa kuulizwa. Kwa upande wa maadili, redio haikuleta swali jipya kwa mwalimu. Ilisema, naye akasikiliza. Hakuna jina la mtoto, alama wala picha yake iliyotoka darasani kupitia chombo hicho.

3.0 Kompyuta Vyuoni, 2003–2015

Sera ya Taifa ya TEHAMA ya mwaka 2003 ilifungua awamu nyingine. Kuanzia mwaka 2005, kwa msaada wa Sweden, kompyuta zilianza kupelekwa katika vyuo vya ualimu vya serikali 34. Miaka miwili baadaye ikatolewa Sera ya TEHAMA kwa Elimu ya Msingi. Mkazo wa awamu hii ulikuwa stadi: kuchapa hati, kupanga majedwali, kutafuta matini kwenye intaneti. Kwa chuo ambacho mkufunzi naye alikuwa akijifunza, na kwa mhitimu aliyekwenda kufundisha katika shule isiyo na umeme, mkazo huo ulieleweka.

Wakati vyuo vikihesabu kompyuta, simu ya mkononi iliingia shuleni ikiwa mfukoni mwa mwalimu. Haikupitia chuoni, haikuwa na mtaala, wala haikuorodheshwa kwenye daftari la mali za shule. Mwanafunzi alikatazwa kuja nayo. Mwalimu aliachwa aitumie kwa busara yake. Kwa hiyo chombo cha kidijitali kilichokuwa karibu zaidi na kazi ya mwalimu ndicho ambacho mafunzo rasmi yalikizungumzia kidogo zaidi.

4.0 Kifaa Kinachokumbuka, 2015–2023

Uzito wa jambo hili unaonekana katika tendo la kawaida kabisa la shule, yaani kutangaza matokeo ya mtihani. Kwa miongo mingi karatasi yenye majina na alama ilibandikwa ubaoni. Aliyeshika nafasi ya mwisho aliona haya mbele ya wenzake, lakini karatasi ilichanika na muhula ukapita. Karatasi hiyohiyo ikipigwa picha na kutumwa katika kundi la WhatsApp la wazazi, haichaniki. Mwalimu ni yuleyule na nia yake ni ileile. Kilichobadilika ni umbali ambao aibu ya mtoto inaweza kusafiri na muda ambao inaweza kudumu.

Sheria ya kwanza kugusa eneo hili kwa upana, Sheria ya Makosa ya Mtandao ya mwaka 2015, ilizungumza kwa lugha ya kosa na adhabu. Iliweza kumtia mwalimu hofu, lakini haikuwa kazi yake kumkuza kitaaluma. Kisha matukio yakaongezeka kasi. Machi 2020 shule zilifungwa kwa sababu ya UVIKO-19, na mawasiliano ya masomo nje ya darasa yakawa hitaji la dharura. Baada ya Sensa ya Agosti 2022, vishikwambi vilivyotumika katika zoezi hilo viligawiwa kwa walimu. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022 ilianza kutumika tarehe 1 Mei 2023, nayo inaziweka taarifa zinazohusu watoto katika kundi la taarifa nyeti. Kwa mpangilio huo wa tarehe, kifaa kilitangulia kumfikia mwalimu kabla ya sheria inayomweleza uzito wa anachokishika.

5.0 Hitimisho

Kuchelewa huko hakumaanishi kwamba mwalimu hakuwa na maadili. Kutunza siri ya mwanafunzi ni wajibu wa ualimu uliotangulia kompyuta. Kilichokosekana ni mahali pa kuutafsiri wajibu huo kwa mazingira mapya. Mafunzo Endelevu ya Walimu Kazini (MEWAKA), yenye jumuiya za kujifunza ndani ya shule, yanaweza kuwa mahali hapo, kwa sababu yanarudisha kile ambacho mpango wa 1976 ulikuwa nacho: mwenzako wa kumuuliza. Swali kama “picha hii ya darasa itumwe au isitumwe?” halijibiwi na mwongozo wa kifaa. Hujibiwa na walimu wanaowafahamu watoto waliomo katika picha hiyo. Kwa mantiki hiyo, kipimo cha kukua kwa mwalimu katika teknolojia hakipaswi kuishia kwenye yale anayoweza kuyafanya kwa kifaa, bali kijumuishe pia yale anayoweza kuyafanya na akachagua kutoyafanya, pamoja na sababu zake.