HISTORIA YA BANGI KATIKA MIJI YA WAISLAMU: KUTOKA MISRI HADI KWETU

Bismillahir Rahmanir Rahim.



Baada ya kumshukuru Allah (S.W.) na kumtakia rehma na amani Mtume wetu Muhammad (S.A.W.), leo nimeona tuiache kidogo sira tuliyokuwa tukiisoma, tuzungumzie jambo lililonifikia hapa hapa Niboye. Mzazi mmoja aliniita nyumbani kwake baada ya swala ya Alasiri. Nyuma ya tangi la maji alikuwa amekuta jerikani iliyokatwa katikati, imejazwa udongo, na ndani yake miche mitatu yenye urefu wa kiganja. Mwanawe, kijana wa sekondari ambaye nimemsomesha mimi mwenyewe tangu alif na ba, hakukana. Alisema: "Maalim, serikali imeruhusu. Halafu Qur'ani imetaja pombe, bangi haikuitaja." Babu yake aliyekuwa amekaa barazani akaongeza neno lake, kwamba mambo haya ni ya watoto wa mtaani, Waislamu hawakuyajua kamwe.

Nilirudi nyumbani nikijua kwamba wote wawili wamekosea, mjukuu na babu, na kosa la babu ndilo lililonisumbua zaidi. Maana tukiwaambia watoto kwamba jambo hili halikuwahi kuwa letu, siku wakisoma historia watatuona waongo, na baada ya hapo hawatatusikiliza hata katika yaliyo ya kweli. Kwa hiyo nianze na babu.

Neno bangi tumelirithi kutoka ng'ambo ya bahari. Wahindi huita bhang, Waajemi bang, na Waarabu wakalitamka banj. (Tahadhari kwa mwanafunzi atakayefungua vitabu vya tiba vya Kiarabu: humo banj mara nyingi ni mmea mwingine kabisa wenye sumu, na wengi wamechanganya baina ya miwili hiyo.) Waarabu walikuwa na jina jingine, hashishi, maana yake nyasi au majani makavu. Utaona kuwa ni jina la kufichia. Mtu akisema anakwenda kununua majani, nani atamshuku?

Kuhusu namna ulevi huu ulivyoenea, kuna kisa mashuhuri alichokinukuu al-Maqrizi, mwanahistoria wa Misri aliyefariki mwaka 845 Hijriyya (1442). Kisa chasema kwamba Shaykh Haydar, mtu wa zawiya katika milima ya Khurasan, aliyefariki mwaka 618 Hijriyya (1221), aliuona mmea ukitikisika bila upepo, akala majani yake, akawafundisha wafuasi wake. Lakini al-Maqrizi huyo huyo amenukuu pia maneno ya shaykh mwingine kwamba Haydar hakula hashishi maisha yake yote, amesingiziwa tu na watu wa Khurasan kwa sababu wafuasi wake ndio waliokuja kujulikana kwayo. Basi kisa tukichukue kama kisa.

Ushahidi wenye nguvu zaidi ni wa mtu aliyeona kwa macho yake. Ibn al-Baytar, bingwa wa mimea na dawa kutoka Malaga ya Andalusia, aliyefariki Damascus mwaka 1248, ameandika kwamba kuna aina ya katani iitwayo ya Kihindi ambayo hakuiona isipokuwa Misri, ikipandwa kwenye mabustani, nayo ndiyo waiitayo hashisha. Ameeleza jinsi mafakiri walivyoitayarisha na kuila, na jinsi inavyomlevya mtu, na akizidisha yaweza kumfikisha kwenye wazimu. Mtazameni huyu bwana: ni mtu wa dawa, anajua kila jani lina faida gani, na hata hivyo hakusita kuandika madhara.

Kwa hiyo, wazazi wangu, kupanda bangi karibu na nyumba katika mji wa Waislamu ni jambo la zaidi ya miaka 750. Cairo ilikuwa na vitongoji vilivyojulikana kwa hilo, kama Ardh at-Tabbala. Serikali ikafikia hadi kutoza kodi. Sultani Baybars, aliyetawala Misri na Sham kuanzia 1260 hadi 1277, ndiye aliyeifuta kodi ya hashishi na kuamuru watumiaji waadhibiwe. Miaka mia moja hivi baadaye, karibu mwaka 780 Hijriyya (1378), amiri Sudun ash-Shaykhuni alipita vitongojini aking'oa mimea, na waliokamatwa wakiila waling'olewa magego. Mimea ikang'oka, magego yakang'oka, na kabla ya miaka 40 kupita al-Maqrizi analalamika kwamba watu wanaitaja hadharani bila haya. Mimi ni mwalimu, nimewahi kushika fimbo, na ukurasa huu wa historia huwa unanifanya nifikiri.

Na wanavyuoni je? Hapa ndipo lilipo jibu la kijana. Ni kweli kwamba maimamu wanne hawakuizungumzia, kwa kuwa ulevi huu haukuwa umeenea zama zao. Ibn Taymiyya (aliyefariki 728 Hijriyya, 1328) anasema ulidhihiri mwishoni mwa karne ya sita ya Hijra, pamoja na kudhihiri kwa dola ya Matatari. Lakini Qur'ani haikutaja jina la kila kinywaji. Imeharamisha khamri, na Sayyidna Umar (R.A.) alieleza juu ya mimbari kwamba khamri ni kile kinachoifunika akili. Mtume (S.A.W.) ameharamisha kila kinacholevya, na katika riwaya ya Ummu Salama (R.A.) aliyoipokea Abu Dawud kuna katazo la kila kinacholevya na kinacholegeza mwili.

Jambo ambalo vijana hawaambiwi ni kwamba wanavyuoni walibishana sana, na mabishano yao yalikuwa ya kielimu. Hawakubishana kama inafaa au haifai, walibishana juu ya namna yake. Al-Qarafi, mwanachuoni wa Kimaliki aliyefariki Misri mwaka 684 Hijriyya (1285), alitofautisha baina ya kinacholevya, kinacholaza na kinachoharibu akili. Hashishi akaitia katika fungu la tatu, hivyo kwake mlaji hupewa adhabu ya kutiwa adabu aliyoiona kadhi, hapigwi hadi ya pombe, na aliyeibeba akiswali swala yake haibatiliki kwa najisi. Ibn Taymiyya alimpinga, akasema ni kilevi kama pombe na hadi yake ni ya pombe. Wote wawili, haramu.

Sasa nije kwa yule ninayempenda katika mlango huu. Badruddin az-Zarkashi alikuwa mwanachuoni wa Kishafii, madhehebu ambayo ndiyo yetu sisi tuliosomeshwa na watu wa pwani. Alizaliwa na kufariki Cairo (745 hadi 794 Hijriyya, yaani 1344 hadi 1392), kwa hiyo alikuwa hai siku zile Sudun aking'oa magego. Aliandika risala nzima juu ya uharamu wa hashishi, na ndani yake akajiuliza maswali ambayo mtu hutegemea kuyasikia leo. Je, ni najisi? Je, talaka ya aliyelewa nayo inapita? Je, yafaa kuiuza? Je, yafaa kuipanda? Jibu lake, kwa maana yake: kuipanda kwa ajili ya kuitumia na kulewa ni haramu, na kuipanda kwa ajili ya matibabu inafaa. Kuiuza kidogo kwa ajili ya dawa inafaa, kama inavyouzwa afyuni ya dawa, na kumuuzia unayejua kwamba atalewa nayo ni haramu, kama kumuuzia zabibu mkamuaji mvinyo.

Hayo yameandikwa zaidi ya miaka 600 iliyopita. Mmea ni ule ule mmoja, mbegu moja, udongo mmoja. Hukumu inatenganishwa na nia ya mkulima na mkono utakaopokea mavuno.

Kabla sijafika kwenye sheria ya Rwanda, nimalize deni la babu kwa upande wa Afrika yetu. Majahazi ya msimu yaliyoleta nguo, shanga na dini kutoka Uarabuni, Uajemi na India yalibeba pia mazoea ya watu. Ibn Battuta alipofika Mogadishu mwaka 1331 alikaribishwa kwa tambuu, jani la desturi za Kihindi, likitolewa kwa heshima katika mji wa masultani wa Kiislamu. Bangi nayo ilishika njia za namna hiyo. Nchini Ethiopia, katika pango la Lalibela karibu na Ziwa Tana, wachimbaji wa mambo ya kale walipata vichwa vya viko vya udongo vya karibu mwaka 1320 vyenye mabaki ya bangi. Padri wa Kireno João dos Santos, aliyeishi Sofala na bonde la Zambezi, alieleza katika kitabu chake cha 1609 jinsi wenyeji walivyopanda bangue, wakaikausha, wakaisaga na kuila. Bangue ni bangi yetu kwa ulimi wa Kireno, na Washona mpaka leo wanaita mbanje. Majina yenyewe yanaonyesha njia.

Karne ya 19 misafara ya Zanzibar ilipokwenda Tabora na Ujiji, bangi ilikuwa tayari barani. Mwingereza Burton, aliyefika Ujiji mwaka 1858, ameeleza wavutaji wa kiko cha maji cha kibuyu na vikohozi vyao vya kutisha. Huko mbali zaidi, Kasai ya Kongo, Mjerumani Wissmann mwanzoni mwa miaka ya 1880 aliwakuta Bashilange chini ya chifu Kalamba Mukenge wameacha hirizi zao za kale na kuifanya bangi ndiyo alama ya undugu, wakijiita wana wa bangi. Jambo la kusikitisha na la kustaajabisha pia.

Rwanda yetu ilikuwa mlango uliofungwa. Stanley alipokuwa Karagwe mwaka 1876 aliambiwa na mfanyabiashara Hamed Ibrahim kwamba Waarabu hawawezi kuingia huku. Waislamu wa pwani na Tabora waliingia hasa na Wajerumani, kama askari, makarani na wachuuzi. Kigali yenyewe ilianzishwa 1907, na msikiti wa Al-Fatah wa Nyamirambo ukajengwa 1913. Baadaye Wabelgiji wakawaweka Waislamu mtaa wao, na neno "umuswahili" likawa hata tusi kwa mtu mjanja asiyeaminika. Nadhani hapo ndipo ilipotoka hamaki ya babu. Mtu aliyekulia chini ya jina baya huona kukiri jambo moja ni kukiri yote. Namwelewa. Ila urumogi, kama Wanyarwanda wanavyouita mmea huu, hauchagui kabila wala dini ya mtu.

Sheria za dunia nazo zina mkono wa nchi za Waislamu. Misri ilipiga marufuku kilimo chake mwaka 1884, na katika mkutano wa Geneva uliomalizika Februari 1925 ni mjumbe wa Misri, Mohamed El Guindy, aliyeshikilia kwamba hashishi iingizwe katika mkataba wa afyuni. Ikaingizwa. Huku kwetu Dola Huru ya Kongo ilikuwa imeshapiga marufuku bangi ya kuvuta tangu 1903.

Na kauli ya "serikali imeruhusu"? Kilichopitishwa na Baraza la Mawaziri Oktoba 2020, kikafuatiwa na amri ya Waziri wa Afya ya tarehe 25/06/2021, ni kilimo cha bangi ya dawa kwa makampuni yenye leseni, ndani ya uzio, chini ya kamera na walinzi, na mazao yake ni ya kusafirishwa nje ya nchi. Matumizi hayakuruhusiwa. Sheria Na. 68/2018 inampa mtumiaji kifungo cha mwaka mmoja hadi miwili au kazi za manufaa kwa jamii, na mwenye kuzalisha, kusafirisha, kuhifadhi au kuuza dawa za kulevya za kundi la juu kabisa, ambamo bangi iliwekwa mwaka 2019, kifungo chake ni zaidi ya miaka 20 hadi maisha. Someni tena tarakimu hizo, kisha muikumbuke ile jerikani nyuma ya tangi.

Nilimweleza kijana haya yote, kwa siku mbili, si kwa kikao kimoja. Alinisikiliza. Alipofika Zarkashi alisimama hapo, akauliza: kama ya dawa inafaa, kwa nini yake isifae? Nikamuuliza ni mgonjwa gani alikuwa akimpandia. Akanyamaza kidogo, akasema hakuna mgonjwa. Ni rafiki zake watatu, na kila mmoja alikuwa na mche wake, ndiyo maana ilikuwa mitatu.

Hilo baba yake hakuwa amelijua. Miche aliing'oa kijana mwenyewe jioni ile, na baba akaenda kwa miguu kwenye nyumba zile nyingine tatu kuzungumza na wazazi wenzake, wawili Waislamu na mmoja Mkristo. Jerikani bado iko nyuma ya tangi. Mama amepanda dodo.

Wa Allahu a'alam.