Mlolongo wa 1988: Mstari mfupi ulipoushinda mrefu

Uchaguzi mkuu wa Kenya wa 2027 unabisha hodi, na mchujo wa vyama utautangulia na vurugu zake. Hatakosa mtu wa kusema afadhali turudie mlolongo: wapiga kura wapange foleni nyuma ya mgombea wao, wahesabiwe mchana kweupe. Anayesema hivyo ama hakuwepo mwaka 1988, ama amejisahaulisha.

KANU, chama pekee kilichoruhusiwa na sheria wakati huo, iliukumbatia mfumo huo mwaka 1986. Februari 1988 ukatumika katika mchujo, na aliyezoa zaidi ya asilimia 70 akaingia bungeni moja kwa moja bila kungoja kura ya siri ya Machi. Asilimia 70 ya nani? Ya wanachama waliojitokeza kupanga foleni, hata wakiwa wachache namna gani. Kukawa na vituo ambako mstari mfupi ulitangazwa mshindi mbele ya macho ya watu. Kura za kuhesabiwa upya hazikuwepo. Ushahidi ulikuwa umeshakwenda nyumbani kusonga ugali.

Jarida la Beyond, lililomilikiwa na baraza la makanisa, NCCK, lilithubutu kuyaandika hayo katika toleo la Machi. Serikali ikalipiga marufuku. Mhariri wake, Bedan Mbugua, akafikishwa kortini, lakini si kwa kuandika uongo, maana hapo ingebidi habari za foleni zisikilizwe. Kosa lake eti ni kutowasilisha taarifa za mauzo ya jarida! Akahukumiwa kifungo cha miezi tisa. Kwangu mimi, shtaka lile ni ungamo la serikali.

Mbunge aliyebebwa na msimamizi wa kituo hana wa kumwogopa kijijini. Agosti mwaka huohuo Bunge lililotokana na mlolongo lilibadili Katiba: majaji wakavuliwa ulinzi wa ajira zao, na polisi wakaruhusiwa kumzuilia mshukiwa wa kosa la kunyongwa siku 14 badala ya saa 24.

Mwaka 1990 kamati ya Makamu wa Rais George Saitoti ilizunguka nchini ikipokea malalamiko, na Desemba KANU ikauzika mlolongo huko Kasarani. Majaji wakarudishiwa ulinzi. Vyama vingi vikafuata, kisha Katiba ya 2010.

Kura ya siri tunayo, ila mwaka 2022 walijitokeza kama asilimia 65 tu ya walioandikishwa, na vijana kwenye daftari walipungua kwa zaidi ya asilimia 5 kuliko 2017. Kukaa nyumbani nako kuna gharama: Bunge lililotokana na uchaguzi huo ndilo lililopitisha Mswada wa Fedha wa 2024, ule uliowamwaga vijana barabarani.