Kuachana mbele ya tribunali: wakati gani ubadilishe avoka?

Hapa Uvira, kesi ya bwana na bibi wanaotaka kuachana inaanzia kwenye tribunali ya pe. Ndivyo sheria ya Aprili 2013 juu ya tribunali inavyoomba. Kesi ikikokota, mutu anaanza kujiuliza: nibadilishe avoka? Haki hiyo uko nayo, sababu wewe ndiye uliyemupa kazi. Lakini jua kwanza shida inatokea wapi.

Kama ni tribunali inayochelewa, avoka mupya hatakimbiza kitu. Sheria ya jamaa ya 1987, iliyorekebishwa mwaka wa 2016, inaomba hakimu ajaribu kwanza kuwapatanisha bwana na bibi. Hatua hiyo hairukwe, hata avoka wako awe mukubwa namna gani.

Shida ni ya avoka kama haonekani siku ya kusamba bila kukujulisha, kama hakuambie tarehe inayofuata, kama anapokea franga bila kukupa risiti, ao kama anaelewana na upande wa mwenzako nyuma ya mugongo wako. Muulize kwanza uso kwa uso. Asipojibu vizuri, badilisha.

Ukiamua, fanya hivi:

- Mwandikie barua ya kumaliza kazi, ubaki na kopi yenye sinyatire yake.
- Omba makaratasi yako yote: cheti cha ndoa, vyeti vya kuzaliwa vya watoto, karatasi za kiwanja. Kesho ukimupa mupya, mupe kopi, orijinali zibaki kwako.
- Maliza deni lake. Msipoelewana juu ya malipo, peleka mashitaki kwa batonie, ndiye mukubwa wa ma avoka.
- Pita kwa grefie, uulize tarehe ya kusamba.

Usibadilishe siku mbili mbele ya kusamba: mupya atafika bila kusoma dosie, na wewe ndiye utapoteza. Hukumu ikishatoka, ujue siku za kukata rufaa zinahesabiwa, hazingojee avoka.

Kwa mama anayeuzisha ndakala hapa Kasenga, kulipa avoka mara mbili ni mzigo. Sheria ya 1979 inayopanga kazi ya ma avoka inaomba kila baro iwe na biro ya kushauri bure watu wasio na uwezo. Tena, kwenye tribunali ya pe, defansere zhidisieri naye anaruhusiwa kukusambia. Uliza njia hizo mbili mbele ya kuuzisha kiwanja cha watoto juu ya kulipa avoka wa pili.