Gitaa Kavu na Gitaa la Umeme katika Safari za Wanamuziki wa Arusha

Mtu atakaye kuijua historia ya gitaa katika mji wa Arusha na pande za Mlima Meru hana budi kuanza na mizigo kabla ya nyimbo. Nyimbo zimehifadhiwa katika sahani za santuri, na kila mwenye masikio aweza kuzirudia. Lakini chombo alichokuja nacho mpigaji begani, akakifanyia mazoezi chumbani usiku baada ya dansi kwisha, aghalabu hakikuandikwa. Na pengine hicho ndicho kilichoamua nani aendelee katika fani hii na nani akome.

Arusha ni mji wa wageni. Njia ya reli itokayo Tanga ilifika Moshi kabla ya Vita Kuu ya kwanza, ikafika Arusha mwaka 1929. Na barabara ya kaskazini yaipita Namanga kwenda Nairobi. Mji wenyewe umekaa miguuni mwa Meru, kiasi cha mita 1,400 juu ya bahari. Jambo hili, ambalo kwa msafiri mwingine ni habari ya kuvaa sweta tu, kwa mwenye gitaa ni habari nzito. Ubao uliokunywa unyevu wa pwani hunywea unapokaa katika hewa kavu. Kifuniko chembamba cha gitaa hutaka kupasuka, shingo hupinda kidogo, na nyuzi zilizokuwa zikipatana Tanga hugombana Arusha. Mpigaji mzoefu huzilegeza nyuzi kabla ya safari, wala hazikazi upesi afikapo.

Kwa sababu hiyo magitaa ya bei nafuu ya kampuni ya Gallo ya Afrika ya Kusini, yaliyoitwa Gallotone, yalistahili sifa. Waswahili walilifanya jina hilo kuwa galatoni, wakaliita hivyo gitaa kavu la namna ile. John Lennon wa Liverpool, kabla hajawa mtu mashuhuri, alikuwa nalo moja mwaka 1957, na ndani yake mlikuwa na karatasi iliyotoa dhamana kwamba halitapasuka. Ahadi ya namna hiyo ina maana zaidi kwa mtu apandaye kutoka Tanga kuliko kwa kijana wa Liverpool.

Gitaa kavu lilikuwa na faida nyingine kubwa kuliko ugumu wake: lilimtosheleza mtu mmoja. Frank Humplick wa Moshi, aliyeimba pamoja na dada zake, aliwaonyesha watu wa kaskazini kwamba gitaa moja laweza kubeba sauti tatu. Mwenda Jean Bosco wa Katanga, ambaye Hugh Tracey alizinasa nyimbo zake mwaka 1952, alisikika Afrika ya Mashariki yote kwa santuri. Katika mtindo wake kidole gumba hushika sauti nzito huku kidole cha shahada kikisema maneno ya wimbo. Mkono mmoja hufanya kazi ya watu wawili. Ajifunzaye namna hiyo hahitaji mwenzi wala umeme. Kama wimbo ni wa juu kwa koo lake, hufunga kalamu ya risasi kwa uzi au mpira juu ya shingo ya gitaa, na sauti zote hupanda pamoja. Uzi ukikatika na dukani hamna, waya wa breki ya baiskeli ulifanya kazi, ijapokuwa uliwatoa vidole damu.

Bendi za dansi zilipoingia katika umeme, mambo yaligeuka. Gitaa la umeme lenye mwili mzito usio na tundu halisemi kitu pasipo amplifaya, na amplifaya kubwa za taa za zamani ziliweza kukaribia kilo 30. Nani awezaye kuichukua begani mpaka stendi ya basi? Lakini uzito haukuwa shida kubwa. Shida ilikuwa milki. Vyombo hivyo vilikuwa ghali, navyo aghalabu vilikuwa mali ya chama, ya tajiri, au baadaye ya shirika la umma. Mwanamuziki alikuwa na vidole vyake tu. Akihama bendi aliacha nyuma gitaa, amplifaya, na hata waya wa kuviunganisha. Kwa hiyo kuhama kulikuwa ni kubahatisha riziki.

Habari hii huzipa safari za ndugu wa Kinyonga uzito wake. Wilson na George Peter Kinyonga walikuwa Tanga katika Jamhuri Jazz. Mwaka 1970 walihamia Arusha, wakaanzisha Arusha Jazz pamoja na ndugu yao William. Na mwaka uliofuata bendi ya Simba Wanyika ilizaliwa nchini Kenya. Miji mitatu haikutimiza miaka mitatu. Muziki wao ulisimama juu ya magitaa yanayojibizana, moja likiuliza na jingine likijibu, na mazungumzo ya namna hiyo hayafanyiwi mazoezi na mtu mmoja kwa ukamilifu.

Asiye na amplifaya alikuwa na hila zake. Mwili wa gitaa la umeme ukiegemezwa juu ya meza ya mbao au ubavuni mwa kabati, mbao huitikia, na sauti hutosha chumba kimoja bila kumwamsha jirani. Ughaibuni tatizo lilitatuliwa kwa njia nyingine: mwaka 1973 Wamarekani walitoa Pignose, amplifaya ya kilo mbili na ushei iliyotumia betri sita ndogo. Arusha ilikuwa ikielekea penginepo. Mpaka wa Namanga ulifungwa mwaka 1977, haukufunguliwa hadi 1983, na fedha za kigeni zikaadimika. Katika miaka hiyo seti ya nyuzi ilikuwa mali ya kutunzwa, ikafutwa jasho kwa kitambaa kila baada ya kupigwa.

Siku hizi kuna amplifaya inayoingia kiganjani, ikachomekwa katika gitaa na hedifoni masikioni, ikachajiwa kama simu. Mpigaji aweza kuitumia ndani ya basi la usiku pasipo abiria wa pembeni kujua. Gitaa analolichomekea, hata hivyo, katika bendi nyingi bado ni la mwenye bendi.